Thamani ya Kilichomo

Mwezi wa Juni hapa Utsjoki jua halituagi.
Linazunguka ukingo wa vilima kama mgeni
aliyekwisha kula na kunywa, na bado hajashika kofia.
Nami natafuta giza la dakika ishirini.

Nimelitengeneza ndani ya sauna:
blanketi mbili mlangoni, matambara kwenye nyufa,
dirisha nimelifunika kwa ngozi ya kulungu wa theluji.
Kisha nikaketi, nikangoja macho yazoee,
maana ni jicho lililozoea giza ndilo liujualo upenyo.
Nikaiona nukta moja, juu, palipong'oka msumari.
Nikatafuna mkate mweusi, nikaiziba.

Kisanduku kilikuwa kwenye friza, chini ya nyama,
kando ya ndoo ya matunda ya kinamasi.
Mwandiko wa baba: USIFUNGUE.
Hakuandika mwaka. Hakuandika
kama zimepigwa picha au bado ni bikira.
Nilikiacha mezani siku nzima kipoe ubaridi wake,
kwa kuwa baridi ikikutana ghafla na pumzi za watu
hulia, na machozi yake huacha doa.

Mficha uchi hazai, husema watu.
Filamu haijui methali. Ikifichwa ndipo hutunza mimba;
ikifunuliwa siku si zake, imetoka.

Nilikuwa na miaka sita nilipofungua kimoja.
Nilitaka kuona picha kabla ya wote.
Ndani mlikuwa na karatasi nene, laini,
za rangi ya waridi lililopauka, hazina mtu hata mmoja.
Kipupwe kizima cha Armas, baba yangu,
nyavu chini ya barafu, harusi ya Oula,
bibi alipokuwa bado aweza kuketi,
kiliungua mikononi mwangu bila moshi.

Hakunipiga. Siku mbili hakusema.
Siku ya tatu alinishika kidole cha shahada
akakipitisha kwenye pembe ya shiti:
"Hapa. Vipengo viwili.
Vikiwa juu, kulia, uso wenye dawa unakutazama.
Usiuguse. Na wewe usiutazame."

Nahesabu kwa kidole kilekile.
Kumi na moja. Narudia. Kumi na moja.
Nani huweka kumi na moja?

Kadibodi mbele, kadibodi nyuma,
kama mtoto aliyelazwa katikati ya wakubwa.
Mfuko mweusi, mdomo wake nikaukunja mara mbili.
Vifuniko vitatu, kila kimoja kikimmeza mwenzake.
Utepe. Halafu mfuko wa pili,
kwa ajili ya Armas.
Wa tatu, kwa ajili ya yule wa miaka sita.

Posta, Biret anapima: gramu mia nne na kumi.
"Kuna nini?"
"Filamu."
"Za nini?"
"Sijui."
Anasoma wino wangu mwekundu, FUNGUA GIZANI TU,
anachungulia dirishani, kwenye mwanga wa saa tatu usiku
ulio sawa na wa saa tatu asubuhi, anacheka.
"Basi hapa kwetu hakifunguki hadi Agosti. Thamani?"
Kalamu yake inangoja juu ya fomu.
Nasema yuro ishirini.
Anakitikisa karibu na sikio lake. Biret, tafadhali!

Reijo atakipokea Turku siku ya Alhamisi.
Ana chumba chenye milango miwili,
na kule kusini usiku huja, japo mfupi.
Aliniambia kwa simu: zikiwa tupu nitakwambia,
usinilipe.
Nikamwambia nitalipa.

Blanketi nimezirudisha vitandani, ngozi nimeianika.
Kile kipande cha mkate nilikisahau ukutani.
Leo kimekauka, kikaanguka chenyewe,
na mwali mwembamba kama uzi umeingia
ukatua juu ya benchi,
pale pale nilipoketi nikihesabu.